Kunadi Hadithi ya Vita: The African Queen na Mtungaji wa Mwamgongo

Sanaa ya sinema ina mlango mwembamba. Mtunga shairi aweza kukaa peke yake usiku kucha, na asubuhi likawako shairi, hata kama halijapigwa chapa wala kuimbwa na mtu. Mtungaji wa mchezo wa sinema hana bahati hiyo. Mswada wake ni kama ramani ya nyumba: mafundi, mbao, mawe na fedha viko kwa watu wengine, na mpaka hao wakubali, nyumba hakuna. Kwa sababu hiyo mtungaji ambaye hajapata kutengenezewa mchezo hata mmoja ana kazi mbili, kutunga na kunadi. Ya kwanza huheshimiwa; ya pili hudhaniwa kuwa kazi ya sokoni isiyowahusu wahakiki. Dhana hiyo yafaa kupimwa upya, maana mnada wa hadithi hufichua kasoro ambazo mswada mrefu waweza kuzifunika. Mtu asiyeweza kusema kwa maneno machache hadithi yake ni ya nani, kwa kawaida hajaamua bado ni ya nani.

Hadithi za kunusurika vitani zaonyesha jambo hili wazi kuliko nyingine. Vita ni vikubwa na mtu ni mdogo; mtungaji mpya huvutwa na ukubwa wa vita akamsahau mtu. Mfano wa kupimia upo katika Ziwa Tanganyika. Mwamgongo ni kijiji cha Mkoa wa Kigoma, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, mahali ambapo milima yashuka hata majini, na njia kuu ya watu ni ziwa lenyewe. Maji hayo yamepitiwa na misukosuko ya vita zaidi ya mara moja tangu 1914, na hadithi maarufu kuliko zote zilizotokana na vita hivyo imekwisha kuonyeshwa ulimwenguni pote. Haikutungwa na mtu wa ziwani. Kijana wa Mwamgongo atakaye kunadi mswada wa vita ataikuta hadithi hiyo imesimama mlangoni, kwa kuwa ndiyo ambayo mwenye mtaji aijua.

Hadithi hiyo ni The African Queen. C. S. Forester aliitoa kama riwaya mwaka 1935; John Huston akaiongoza kuwa sinema mwaka 1951, wachezaji wakuu wakiwa Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, na Bogart akapewa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Kati ya kitabu na sinema ilipita miaka 16, na katika muda huo haki za hadithi zilipita katika mikono ya zaidi ya kampuni moja ya Marekani pasipo picha kupigwa. Hilo peke yake lafaa kumtuliza mtungaji mgeni: hata kazi iliyokwisha kuchapwa, ya mwandishi mwenye jina, ilikaa rafuni miaka mingi. Mswada uliandikwa na Huston pamoja na James Agee, ambaye wakati ule alijulikana zaidi kwa kuhakiki sinema za wengine. Naye alikuwa na miswada yake ambayo hakuna aliyeitengeneza. Agee alishikwa na maradhi ya moyo kabla kazi haijaisha, hakufika Afrika, na mwisho wa mchezo ulikamilishwa na wengine.

Ukinadiwa kwa sentensi moja, mchezo huo ni huu: vita vya 1914 vilipoanza, mwanamke wa misheni na fundi mpenda ulevi washuka mto wa hatari kwa mashua mbovu, ili wakaizamishe meli ya Wajerumani inayotawala ziwa. Sentensi hiyo yastahili kusomwa mara mbili. Ina watu wawili wasiofanana, chombo kimoja, njia moja isiyokuwa na kurudi nyuma, na lengo moja ambalo akili ya kawaida yasema haliwezekani. Haisemi idadi ya majeshi wala majina ya majemadari. Vita vimebanwa vikaingia ndani ya mashua, na mwenye mtaji aisikiaye sentensi hiyo aweza kuona picha na kukadiria gharama kwa wakati ule ule.

Ubora wa pili wa mchezo huo ni kwamba hatari zake ni kazi za mikono. Mhimili wa mashua wapindika na panga la rafadha lavunjika. Wasafiri hao wawili wawasha moto ufukoni, waunyosha mhimili na kutengeneza panga jipya. Mashua yakwama katika matete na matope. Fundi ashuka majini kuivuta, na apanda amejaa ruba mwilini. Yambidi ashuke tena, sasa akijua yanayomngoja. Kushuka huko kwa pili ndiko kunakomweleza mtu kuliko hotuba yoyote juu ya ushujaa. Mchezo wa kunusurika hujengwa kwa mambo ya namna hiyo: kitu kimeharibika, vifaa ni vichache, saa zinapita, na mtu afanya analoweza. Mtungaji anayetaka kunadi mswada wake angepata faida kubwa kuuchunguza mchezo huu kwa jicho la fundi, akaorodhesha kila kifaa kilichomo na kazi kilichofanya.

Hata hivyo sifa hizo haziondoi kasoro, na kasoro yenyewe yahusu ziwa. Mto wa mchezo huo waitwa Ulanga nao waingia ziwani. Ulanga halisi uko Morogoro, nao huungana na Rufiji na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Picha za nje zilipigwa Uganda na katika Kongo ya Wabelgiji, nyingine London. Ziwa Tanganyika halikuonekana. Hayo ni makosa ya jiografia, na mtungaji ana ruhusa ya kuhamisha mito. Kosa zito ni la watu. Wanakijiji waonekana mwanzoni wakiimba kanisani. Halafu kijiji chachomwa moto, watu waswagwa na kuondolewa, na mchezo hauulizi tena habari zao. Walionyang'anywa nyumba siku ile ndio waliokuwa na hadithi ya kunusurika. Mchezo waiacha nyuma katika majivu na kufuata mashua.

Mambo yaliyotukia kweli yaongeza uzito wa shutuma hii. Meli iliyompa Forester wazo lake ilikuwa Graf von Götzen. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika maelfu ya makasha, ikaletwa Dar es Salaam, ikapelekwa Kigoma kwa njia ya reli iliyofika huko mwaka 1914, ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Waingereza nao walizileta Mimi na Toutou, mashua mbili za injini, kutoka Cape Town mwaka 1915, kwa reli, kwa mto, na kwa kukokotwa katika milima ya Katanga. Tarehe 26 Desemba 1915 waliiteka Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 waliizamisha Hedwig von Wissmann. Götzen yenyewe haikuzamishwa na adui yeyote. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani wakiiacha Kigoma waliizamisha wao wenyewe karibu na mlango wa Malagarasi, baada ya kuzipaka injini zake mafuta mazito zisiliwe na kutu. Ikaopolewa baadaye, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba.

Ni nani waliobeba yale makasha? Ni nani waliofyeka njia na kujenga madaraja ili Mimi na Toutou zipite milimani? Walikuwa maelfu ya vibarua wa Kiafrika. Katika vita vile vya Afrika ya Mashariki kwa jumla, wapagazi waliokufa kwa njaa, uchovu na maradhi walikuwa makumi ya maelfu, na jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao. Vitabu vya baadaye, kama cha Giles Foden cha 2004 juu ya Mimi na Toutou na riwaya ya Alex Capus ya 2007 juu ya Götzen, vimerudi katika kisa hicho hicho, na mlango wa kuingilia umekuwa tena ni Mzungu aliyeletwa ziwani na amri ya serikali yake. Mpagazi aliyerudi nyumbani hai bado hajapata mchezo wake.

Kisa cha pili chatoka karibu zaidi na Mwamgongo. Mwezi wa Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa usiku kutoka Zaire, wakaingia Gombe na kuwateka wanafunzi wanne wa kigeni waliokuwa katika kituo cha Jane Goodall cha kuchunguza sokwe. Wote wanne walifunguliwa hatimaye baada ya wiki nyingi. Ni kisa chenye kila kitu ambacho mnada watafuta: usiku, maji, mateka, madai ya fedha. Walakini chahitaji jicho jingine. Usiku ule pwani ile ilikuwa na wafanyakazi Watanzania na jamaa zao, na vijiji vya jirani vilivyokuwa na kila sababu ya kuogopa kila sauti ya mashine majini. Hofu ya watu wasio na ubalozi wa kuwadai ni hofu ya namna nyingine, na mtungaji wa Mwamgongo hahitaji kusafiri mbali kuitafuta.

Kisa cha tatu ni cha 2015. Kutoka mwezi wa Aprili mwaka ule machafuko ya Burundi yaliwatoa watu wengi makwao, na kufikia Mei makumi ya maelfu yao walikuwa wamesongamana Kagunga, kijiji cha mpakani kaskazini mwa Mwamgongo. Kipindupindu kikazuka, kikaua zaidi ya watu 30. Liemba, ile ile iliyokuwa meli ya vita mwaka 1915, ikatumwa kuwachukua na kuwapeleka Kigoma, ambako walisafirishwa kwenda kambi ya Nyarugusu. Hapakuwa na gati ya meli kubwa kama hiyo, kwa hiyo watu walipelekwa kwa mashua ndogo mpaka ubavuni mwa meli. Mwandishi wa gazeti huitazama meli. Mtungaji wa mchezo yampasa kuitazama mashua ndogo: ni nani aliyeishika, alipakia wangapi, alimwacha nani ufukoni akisema atarudi.

Mtu aweza kuuliza kama fasihi ya Kiswahili ina kielelezo cha kumsaidia mtungaji wa namna hii. Vita si jambo geni katika Kiswahili. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi juu ya kuingia kwa Wadachi Mrima. Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga wa Maji Maji, uliotolewa na Kamati ya Kiswahili mwaka 1957. Shaaban Robert alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliopigwa chapa mwaka 1967. Kazi ya utenzi wa vita ni kuhifadhi: majina ya walioongoza, mahali, siku, ushindi na msiba. Utenzi hutazama toka juu kilimani, nao hufanya hivyo kwa haki, kwa kuwa watu wote wataka kumbukumbu. Mchezo wa kunusurika hutazama toka chini, kwa urefu wa macho ya mtu aliyejificha. Mtungaji aliyekulia katika tenzi akichukua upana ule na kuutia katika mswada, atapata maandamano ya matukio ambayo hayana mtu wa kumfuata.

Lakini kuna sehemu moja ya utenzi ambayo ni shule nzuri ya mnada, nayo ni dibaji. Mtunzi wa utenzi hakuanza kisa chake kwa kishindo. Alimtaja Mungu, akaomba wino na karatasi, akaeleza kwa nini anatunga na kwa ajili ya nani, ndipo akaingia katika habari. Dibaji hiyo ilijibu maswali mawili ambayo msikilizaji yeyote mwenye shughuli zake huyauliza kimoyomoyo: kwa nini nikusikilize wewe, na kwa nini habari hii sasa? Mtayarishaji wa sinema huuliza hayo hayo. Mtungaji asiye na jina hawezi kuyajibu kwa kutaja kazi zake zilizopita, maana hana. Aweza kuyajibu kwa ujuzi: kwamba aijua pwani ile, lugha zake, pepo zake na mwezi wake, kwa namna ambayo mwenye jina kubwa wa mji wa mbali haijui.

Na achukuliwe kwa mfano mtungaji kijana wa Mwamgongo mwenye mswada juu ya 2015. Mnada wake wa kwanza waweza kuwa huu: hadithi ya machafuko, mateso ya wakimbizi na nguvu ya upendo. Maneno hayo ni ya kweli na hayana kosa la sarufi. Wala hayana mtu. Yangefaa kwa nchi yoyote na mwaka wowote. Sasa na asikilizwe akisema hivi: usiku wa giza, Mei 2015, mvuvi wa dagaa amepakia mtoto wa watu mwenye kipindupindu, mafuta ya mashine yatosha safari moja, kwenda kusini Kigoma kwenye hospitali, au kurudi kaskazini Kagunga kumchukua mama wa mtoto huyo. Ziwa ni lile lile na huzuni ni ile ile. Kilichoongezeka ni uchaguzi, na uchaguzi huo umetoka katika ramani ya mahali penyewe. Ukiuhamisha mnada huu ukaupeleka nchi nyingine, wavunjika.

Mambo mengine ya pwani ile yangefanya kazi kama mhimili na ruba katika mchezo wa Huston. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mbalamwezi. Kwa hiyo usiku ufaao kukimbia ndio usiku ambao ziwa limejaa taa za wavuvi, na mtumbwi usio na taa hujificha kwa hatari ya kugongwa. Kiha na Kirundi husikilizana; kwa hiyo mtu aweza kujificha katika usemi wake, na aweza vile vile kusalitiwa na neno moja tu. Ziwa hilo ni la maji baridi, nalo ni miongoni mwa maziwa yenye kina kikubwa kuliko yote duniani. Katika wakati wa kipindupindu mtu mwenye kiu amezungukwa na maji asiyothubutu kuyanywa kabla hayajachemshwa. Hakuna hata jambo moja katika hayo lihitajilo mizinga, vifaru wala askari 1,000 wa kukodi. Mswada wa bei nafuu una mlango mpana zaidi kwa mtu asiyejulikana, na umaskini wa vifaa, ukitumiwa kwa akili, huwa nguvu ya hadithi.

Adabu za mnada zataka maneno machache tu. Sentensi moja hutangulia, muhtasari wa ukurasa mmoja hufuata, na mswada mzima huwa tayari kabla ya yote mawili, kwa kadiri ya ukurasa mmoja kwa kila dakika ya mchezo. Katika Tanzania haki ya mtungaji yalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, ambayo ndiyo iliyoanzisha COSOTA, nao upigaji wa picha wahitaji kibali chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976. Mtungaji afichaye mwisho wa hadithi yake katika muhtasari kwa hofu ya kuibiwa hujidhuru mwenyewe. Mtayarishaji hanunui kitendawili. Ulinzi wake ni mswada uliokamilika wenye tarehe, na ujuzi ambao mwizi hawezi kuiba pamoja na karatasi.

Yabaki swali zito kuliko yote. Waliovuka mwaka 2015 wako hai, na wengine wao walizika watoto. Kunadi maana yake ni kutaja bei, na uchungu wa jirani si mali ya mtungaji. Hapa ndipo ujirani wa Mwamgongo unapokuwa faida na mtihani kwa pamoja. Forester hakuwa na wa kumwuliza mlangoni kwake, ‘Mbona umesema hivi juu yetu?’ Mtungaji wa Mwamgongo anao. Akichukua kisa cha mtu mmoja kama kilivyo, yampasa idhini yake, na idhini itolewayo kabla ya mswada kusomwa kwa lugha ambayo mwenye kisa aielewa si idhini. Akitunga mtu asiyekuwako, kama yule mvuvi wa mfano, apata uhuru zaidi; lakini bado yampasa kuogopa uwongo mmoja, ule wa kumfanya mwokoaji kuwa mkubwa hata waliookolewa wakawa mizigo ndani ya mtumbwi. Huo ungekuwa The African Queen tena, umebadilishwa rangi tu. Mtoto aliyelazwa mtumbwini na mama aliyeachwa ufukoni wastahili kupewa kazi za mikono yao wenyewe, na makosa yao, na maneno yao.

Kwa kipimo hiki mchezo wa 1951 una hukumu mbili, na zote mbili zasimama. Ni mfano bora wa kubana vita ndani ya chombo kimoja, na kila mtungaji mgeni afaidike nao. Ni mfano wa onyo pia, kwa kuwa ulipata meli na mto na mapenzi, ukakosa watu wenye ziwa. Pengo hilo limekaa wazi tangu 1951. Ndilo ambalo mtungaji asiye na jina aweza kulionyesha kwa kidole mbele ya mwenye mtaji na kusema kwamba hapo ndipo mchezo wake unapoanzia: katika kijiji kilichochomwa moto, kwa watu ambao picha iliwaacha nyuma, siku ya pili yake, wakitafuta chakula.